Bi Kufuli na Wiki Sita Ambazo Hatuzisemi

Ijumaa hii, tarehe thelathini, saa tisa na nusu alasiri, mkuu wa masijala ya wagonjwa wa hospitali yetu atafunga droo yake, atavaa miwani yake ya kuendea nyumbani, na Jumatatu hatarudi. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na mitatu na miezi minne ya utumishi. Kwenye barua za ofisi ana jina refu na cheo kirefu zaidi. Sisi sote, kuanzia daktari mkuu hadi walinzi wa getini, tunamwita Bi Kufuli, naye huitika bila kununa.

Kamati ya sherehe imemwomba mwandishi wa wasifu huu, aliyekaa meza ya pili kutoka kwake kwa miaka kumi na moja, aandike kwa ufupi, kwa adabu, na bila kujitajataja. Ufupi na adabu atajitahidi. Hilo la tatu, jamani, litamshinda, na mbele mtaona sababu.

Bi Kufuli aliajiriwa akiwa na miaka ishirini na sita, enzi za makabati ya chuma na kadi za manila. Masijala ilikuwa na madirisha mawili, moja halifunguki, jingine halifungiki. Wiki yake ya kwanza alipita kwenye korido ya wagonjwa wa nje akiwa amekumbatia faili, jina la mgonjwa limeangalia nje kwa herufi kubwa. Mama mmoja aliyeketi kwenye benchi akalisoma, akagundua kuwa ni jina la jirani yake, na kabla jua halijazama mtaa mzima ulikuwa unajua kuwa jirani yule anahudhuria kliniki na unabuni anaumwa nini. Jirani alikuja kesho yake, akasimama dirishani, akamtazama Bi Kufuli, kisha akaondoka. Hakurudi tena kutibiwa kwetu.

Bi Kufuli alilia siku ile, na mpaka leo akilisimulia jambo hilo sauti inapungua. Lakini machozi yalizaa kanuni. Tangu hapo faili halijapita mkononi mwake likiwa limeangalia juu. Hulibeba jina likiwa kifuani, na akifika mezani hulilaza kifudifudi. Wapya wote tumefundishwa hivyo kabla hata ya kuonyeshwa choo kiko wapi.

Kanuni yake ya pili iliwaudhi wengi. Akishatoka getini hamsalimii mtu kwanza. Awe mwalimu wa shule, awe muuza mkaa, Bi Kufuli atapita kimya mpaka mwenyewe aanze. Watu wakasema ana maringo, wengine wakasema kazi ya ofisini imempanda kichwani. Sababu yake ni nyepesi: ukimsalimia mgonjwa wako mbele ya wenziwe, wataanza kumuuliza mnajuana wapi, na maskini wa Mungu atajiumauma akitafuta uongo wa haraka. Akianza yeye, basi ameamua yeye. Na mkishamsalimia, lo, mjiandae kusimama nusu saa, maana maneno anayo.

Nyumbani kwake hali ilikuwa hiyo hiyo. Mumewe, fundi cherehani mwenye utani mwingi, hulalamika kuwa ameoa hospitali nzima na hajapata habari hata moja. Siku moja dada wa huyo fundi alijifungua mapacha kwetu. Bi Kufuli aliwaandikisha watoto asubuhi, akarudi nyumbani, akapika, akala, akamuuliza mumewe habari za kazi, akalala. Fundi alipata habari kesho yake kwa muuza duka. Alipokuja juu, mkewe alimjibu kuwa mwenye watoto ndiye mwenye habari, na kama wifi yake alichelewa kupiga simu, ana haki ya kuchelewa. Wifi naye alipoulizwa akasema alikuwa anataka kulala kwanza. Hapo ndipo ukoo mzima ulipokubali kuwa mama huyu ana kifua.

Wakubwa pia waliujua mlango wake. Dereva wa bwana mmoja mzito alitumwa kuchukua majibu ya vipimo vya mke wa bosi wake. Bi Kufuli alimpa kiti, alimpa maji, alimpa gazeti. Majibu hakumpa. Bwana mwenyewe alipokuja kufoka, naye alipewa kiti, maji na gazeti lile lile. Mkewe alipokuja siku ya pili na kitambulisho chake, alihudumiwa kwa dakika nne, na wakati wa kuondoka alimshika Bi Kufuli mkono kwa muda mrefu.

Kisha, miaka tisa iliyopita, zikaja kompyuta. Mkufunzi alikaa nasi siku tatu akimwaga maneno mazito, sisi tukiandika na kutikisa vichwa kama tumeelewa. Mwisho wa siku ya tatu alipouliza kama kuna swali, mkono mmoja tu ulinyooka. Bi Kufuli alitaka kujua mambo matatu: nani atafungua faili, nani atajua kuwa limefunguliwa, na umeme ukikatika tukimbilie wapi. Mkufunzi alijibu mawili, la tatu akaahidi kulifuatilia. Hatujamwona tena.

Bi Kufuli akanunua daftari la jalada la kijani. Kila neno gumu la mkufunzi aliligeuza kuwa Kiswahili cha watu wanaofanya kazi. Rekodi ya afya ya kielektroniki, aliandika, ni faili lile lile, limebadilisha nguo tu, heshima yake isibadilike. Nywila ni kama sahihi yako, ukimwazima mtu basi atakachokiandika ni chako. Usimbaji fiche ni kuyavuruga maandishi makusudi ili asome mwenye ufunguo peke yake, mwizi akiiba kompyuta awe ameiba chuma. Faragha na usiri, ambavyo sisi wengine tulidhani ni kitu kimoja, alivitenganisha kwa mistari miwili: faragha ni ya mgonjwa, ndiye anayeamua nani ajue mambo yake, usiri ni wetu, tukishaambiwa tunanyamaza. Na mbele ya neno ridhaa aliandika kuwa mgonjwa aliyekubali kwa kuliogopa koti jeupe hajakubali.

Mpishi wa wodi alinuna alipogundua kuwa kwenye mfumo yeye anaona tu vyakula alivyokatazwa mgonjwa, ugonjwa hauoni. Bi Kufuli alikwenda jikoni na daftari lake, akamweleza kuwa kila mmoja hupewa ruhusa ya kuona kinachomhusu katika kazi yake. Akamuuliza kama yeye humruhusu daktari kuja kuonja masufuria. Mpishi alicheka mpaka akakaa chini, na sasa ndiye anayewaeleza wenzake.

Lile swali la umeme alilijibu mwenyewe. Alidai nakala rudufu ya kumbukumbu zote, kila siku, ihifadhiwe jengo jingine, na kabatini akaweka fomu mia sita za karatasi. Tulimcheka kuwa hataki kuachana na manila. Kisha radi ikapiga, mitambo ikalala siku mbili. Bi Kufuli alifungua kabati, akagawa fomu, na hakuna mgonjwa aliyerudishwa nyumbani. Mitambo ilipoamka, hapakupotea hata jina moja. Akiba haiozi, alisema, na akatuacha tuone haya wenyewe.

Lakini neno alilolipenda kuliko yote ni nyayo. Mfumo wetu humwandika kila anayefungua faili: jina lake, siku, saa na dakika. Hata unyate vipi, nyayo zimebaki. Kila Jumatatu asubuhi Bi Kufuli huchapisha orodha ya nyayo za wiki nzima, huisoma jina kwa jina na rula mkononi, na akikuta mtu amefungua faili lisilomhusu, humtafuta. Kikulacho ki nguoni mwako, husema, wezi wa nje watahangaika na mlango wakati wa ndani wana funguo.

Sasa ngoja mwandishi avue koti la mwandishi, maana hapa ndipo ninapoingia mimi.

Miaka minne iliyopita Bi Kufuli alichukua likizo ya wiki sita. Yeye, ambaye alikuwa hajakosa hata siku moja ya mvua! Hakusema sababu. Ofisi ikajaa minong'ono, kila mmoja ana yake. Mimi nilikuwa sili nikashiba. Mama huyu ndiye aliyenipokea nikiwa sijui kushika faili, ndiye aliyenibatiza jina la Kiherehere. Jumatano ya wiki ya tatu, baada ya chai ya saa nne, uvumilivu ukanishinda. Niliingia kwenye mfumo, nikaandika namba yake, nikafungua faili lake. Nilisoma kwa muda wa kama dakika moja. Nikalifunga, na papo hapo nikakumbuka nyayo.

Wiki tatu nilizoishi baada ya hapo simwombei adui yangu. Adhabu ya kufungua faili bila sababu ya kazi kwetu inajulikana: kufukuzwa. Nina mke, nina watoto wawili, nina mama anayenitegemea. Bi Kufuli akarudi Jumatatu, amekonda kidogo, anacheka. Hakuweka hata mkoba chini vizuri, akaanza kuchapisha orodha za wiki zote sita. Nilimwona akisoma. Rula ikashuka, ikashuka, ikasimama.

Saa sita alipita mezani kwangu na kuweka karatasi, kifudifudi, kama anavyoweka faili la mgonjwa, wenzangu wasione. Nilipoigeuza nikakuta jina langu limezungushiwa wino mwekundu, na chini yake maneno matatu: "Kazi gani ilikupeleka?"

Nilimfuata nikilia, mtu mzima na ndevu zangu. Nikamwambia nilikuwa na wasiwasi naye, kwamba yeye ni kama mama yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kuwa wasiwasi una njia yake: ungekuja nyumbani, ungebisha hodi, ungeniuliza. Ningekuambia, au nisingekuambia, na ungerudi zako ukiniombea. Akanieleza kuwa kupenda si ruhusa. Neno hilo halikuwa kwenye daftari la kijani. Aliliandika siku hiyo.

Alinipeleka mwenyewe kwa daktari mkuu, kwa sababu orodha ni orodha na yeye hamfichi mtu. Lakini akaomba asikilizwe kama mwenye faili. Sijui alisema nini mle ndani. Nilipewa onyo la maandishi, nikafungiwa mfumo miezi mitatu, na miezi hiyo yote nikatumwa kuzunguka wodi kwa wodi na daftari la kijani, nikiwafundisha wauguzi, wafamasia na wafagizi maana ya faragha, usiri, ridhaa na nyayo. Kila mahali nilianza kwa kusimulia kosa langu. Mara ya kwanza niliona aibu ya kufa. Mara ya ishirini nikaona wanaoinamisha macho kwa kuwa nao wamewahi kuchungulia, na nikajua kwa nini alinituma mimi.

Nilipoanza kuandika wasifu huu nilimwendea Bi Kufuli kumwomba ridhaa. Kamati ilitaka nieleze wiki zile sita, labda ni habari ya kutia moyo. Alicheka, akasema kosa langu naweza kuliandika kwa kuwa ni langu, wiki sita naweza kuzitaja, ila kilichokuwa ndani yake kibaki kilipo. Rasimu aliisoma yote. Hapa palikuwa na mistari miwili ya kumsifu. Ameifuta kwa kalamu nyekundu, akaandika pembeni kuwa Kiherehere hajaacha.

Wiki iliyopita daktari mkuu aliniita. Nilikwenda nikitunga utetezi, mazoea hayo. Akanisomea barua ya Bi Kufuli ya kupendekeza atakayesoma orodha ya Jumatatu baada yake. Jina lililokuwamo ni langu. Sababu ilikuwa sentensi moja: amewahi kukosea, na alipoulizwa hakukana. Nilitoka mle ofisini nikaenda kusimama nyuma ya makabati ya zamani mpaka macho yakakauka. Furaha nayo ina machozi yake, nyie acheni.

Kwa hiyo, mama yetu, asante. Asante kwa miaka thelathini na mitatu ya kunyamaza kwa niaba ya watu ambao hawatajua kamwe kuwa ulinyamaza. Asante kwa fomu mia sita, kwa daftari la kijani, kwa kiti, maji na gazeti. Kapumzike na fundi wako, na kama atakuuliza habari za hospitali, sasa umwambie kwa kweli kuwa hujui. Afya njema ikae nawe, wajukuu wakuchoshe kwa raha, na kila asubuhi ikukute ukicheka.

Zawadi ya kamati utaipata ukumbini. Yangu ni hii: Jumatatu nitachapisha orodha, nitachukua rula yako, nitaisoma jina kwa jina, na faili lako litakuwa halijaguswa. Jumatatu nyingine vivyo hivyo.

Jambo moja la mwisho. Kuanzia Jumatatu wewe si mtumishi mwenzetu tena, wewe ni mtu ambaye faili lake tunalitunza. Ukituona sokoni tumepita kimya, usidhani tumekusahau. Wala si maringo. Tutakuwa tumekuona tangu mbali, mioyo inatuenda mbio, tunasubiri.

Anza wewe.