Sylvi Hietala, Aliyelitetea Taya Bungeni

Wapendwa mliofika asubuhi hii licha ya baridi, mimi ni Karin, mzaliwa wa kwanza wa marehemu, na familia imenituma nisome maisha ya mama yetu, ambaye alipenda mambo yasemwe kwa utaratibu, kwa hiyo nitaanzia mwanzo.

Sylvi Maria Hietala alizaliwa tarehe 12 Mei 1934, shambani kwa wazazi wake, Eino na Hilja Ranta, hapa Embarrass, Minnesota, akiwa mtoto wa nne kati ya saba, akabatizwa katika kanisa hili Juni ya mwaka huohuo. Aliingia shule akijua Kifini tu, lugha ya nyumbani kwao, akamaliza sekondari mjini Aurora tarehe 30 Mei 1952, na Septemba mwaka ule akaajiriwa kuwa opereta wa simu mjini Virginia, humu humu Minnesota, kazi aliyoifanya kwa miaka thelathini na mmoja, hata wengi wenu mliijua sauti yake kabla ya kuijua sura yake. Tarehe 18 Juni 1955 alifunga ndoa na baba yetu, Arvo Hietala, mchimbaji wa madini ya chuma, wakajaliwa watoto wawili, mimi mwaka 1957 na Paul mwaka 1960.

Tarehe 6 Novemba 1979 aling'olewa gego la nyuma kabisa, mdomo ukiwa umeachamishwa kwa muda mrefu, na tangu siku ile kiungo cha taya, hapa mbele ya sikio, kikawa kinagota na kuuma hadi shingoni, na asubuhi nyingine kilikwama kabisa, mdomo usifunguke zaidi ya upana wa kidole. Aliacha kuimba katika kwaya ya kanisa hili mwaka 1981, akaacha kazi mwaka 1983, akawa anakula uji na supu ya samaki iliyopondwa, nasi tukitafuna nyama ya mbawala mbele yake bila kujua tutazame wapi. Daktari alisema kuna matibabu, lakini bima ya afya ya mgodini kwa baba ilijibu kwamba taya ni mambo ya meno, na bima ya meno ikajibu kwamba kiungo ni mambo ya mwili.

Ndipo aliposikia kwamba bunge la jimbo linajadili sheria ya kuzilazimu bima za afya kulipia maradhi ya kiungo hicho, naye akaomba kutoa ushahidi. Tarehe 24 Machi 1987 tulikwenda St. Paul, makao makuu ya jimbo, mwendo wa saa nne, na mlangoni pa kamati karani mmoja aliyekuwa amesoma maombi yake akamvuta kando.

"Mama Hietala, nikwambie ukweli kabla hujaingia. Hata ikipita, wewe haitakufikia. Mfuko wa bima wa mgodi unafuata sheria ya nchi nzima, si ya jimbo."

Baba akasema, "Twende nyumbani, Sylvi. Theluji imeanza."

"Wewe nenda kalipashe gari joto," mama akamjibu. "Mimi nina dakika tano za kusema."

Baba hakwenda, alikaa kiti cha nyuma akilipakata koti lake. Mjumbe mmoja akamwuliza mama kama taya si kazi ya daktari wa meno, naye akasema polepole, "Goti langu lilipoteguka, bima ililipa. Bega la mume wangu, ikalipa. Hakuna aliyetuambia goti ni la fundi viatu, wala bega ni la fundi cherehani. Na hiki nacho ni kiungo." Alipotaka kuendelea taya likakwama, naye hakuketi, alisimama kimya akiwatazama mpaka dakika zake zikaisha.

Sheria ilipita, ikisema kiungo cha taya kitibiwe sawa na kiungo kingine chochote mwilini. Novemba ile mfuko wa mgodi ukamkatalia tena, na hiyo ndiyo siku pekee niliyomwona akilia kwa ajili ya ugonjwa wake.

Majira mawili ya baridi baadaye, jirani yetu Marlys Lindgren, mwalimu, mwenye ugonjwa uleule, alitibiwa kwa bima ya shule yake, ambayo ilibanwa na sheria ile ya jimbo, na alipokuja kutoa habari mama alimpa tufaha, akamwambia, "Hebu tafuna, mwanangu, nisikie." Tangu hapo kila Alhamisi Marlys alimfundisha mama jikoni mazoezi aliyofundishwa yeye hospitali, taratibu, kwa mwaka mzima na zaidi, na Pasaka ya 1991 mama akarudi kwaya, akasimama safu ya nyuma, akiziruka noti za juu. Nilipomwuliza siku moja kama aliijutia safari ile, alisema, "Kwa nini nijute? Marlys anakula."

Moyo wake ulianza kudhoofika mwaka 2006, akafariki hospitalini Virginia tarehe 9 Februari 2009, akiwa na umri wa miaka sabini na minne, akimwacha mume, watoto wawili na wajukuu watano. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, maopereta wenzake waliokuja kumwimbia kitandani, majirani waliotusafishia theluji njiani bila kuombwa, na Marlys, ambaye amekaa nasi kiti cha familia. Ardhi bado imeganda, hivyo tutamzika mwezi Mei, na nyote mnakaribishwa.

Pumzika, Mama, na amani ya Mungu iwe nawe.