Madawati Manne ya Ukuta wa Nyuma

"Madaftari ya usomaji ni karatasi tu. Hata mlinzi anaweza kuyagawa."

Hayo aliyasema mwalimu wa taaluma kikaoni, mbele ya mama anayestaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha. Siku ile nilinyamaza kwa heshima ya chai iliyokuwa mezani. Leo namjibu.

Wanafunzi humwita Bibi Gundi. Alipofika, maktaba yetu ilikuwa kabati moja na panya aliyevisoma vitabu kabla ya watoto. Kila likizo alikata karatasi, akazishona, akazijalidi kwa kalenda kuukuu, akapiga mistari: jina la kitabu, ukurasa ulipoishia, neno lililokushinda, swali lako. Watoto waliozoea kukariri kama kasuku wakaanza kuuliza hadi sisi walimu tukawa tunapitia mlango wa nyuma. Hizo ndizo karatasi tu!

Na kugawa kwenyewe ni kazi. Siku chache kabla ya shule kufunguliwa, huingia darasani peke yake, hufunga mlango, huketi kwenye kila dawati na kusoma ukurasa mmoja kwa sauti, ajue kama mtoto wa pale atapata mwanga na kusikia. Akiridhika, huacha daftari.

Mimi niliona ni mbwembwe. Mwaka wake wa tisa aliliruka dawati la dirishani. Nilimcheka, nikaweka daftari mwenyewe. Alilichukua, akalisogeza dawati hadi karibu na mlango, akaniambia taratibu, "Mwenzangu, pale nasoma, sauti hairudi."

Wiki ya tatu ya muhula, mchana kweupe, hata jani halitikisiki, fremu ya dirisha iling'oka na matofali yake. Iliangukia mahali patupu.

Tangu hapo, miaka ishirini na miwili, kila dawati lilipata daftari. Hadi Jumanne hii, alipofanya mzunguko wake wa mwisho. Nilikuwa nje, nikimsikia safu baada ya safu. Alipofika kwenye madawati manne ya ukuta wa nyuma nilichungulia: midomo yake ilikuwa ikicheza, kidole kikifuata mistari, nami sikusikia kitu. Alitoka na madaftari manne mkononi.

Mwalimu wa taaluma alisema ni uzee, akaamuru yawekwe. Nimeyaondoa mara mbili. Ameyarudisha mara mbili.

Bibi Gundi, asante kwa kila uzi ulioshona. Kapumzike, dada yetu, usome sasa kwa raha yako, na wajukuu wakuchoshe kwa maswali.

Nawe, mwalimu wa taaluma, watoto wanaingia Jumatatu. Kabla yao, funga mlango, keti kwenye dawati lolote kati ya yale manne, soma ukurasa mmoja kwa sauti. Usipoisikia sauti yako, usimalize ukurasa. Inuka, yahamishe madawati, umwite fundi mwashi.