Watoto Walionenepa Wakati wa Njaa

Wapendwa, nawasalimu kwa jina la Yesu. Najua wengine mmekuja kusikia vile niliachana na pombe. Nitafika huko. Lakini mimi sikuangushwa na pombe kwanza. Niliangushwa na mizani.

Mwishoni mwa miaka ya tisini kulikuwa na daktari wa watoto, mama mmoja, aliyefanya utafiti hapa Kalama. Aliwafuata watoto wetu tangu kuzaliwa, kujua wanakula nini na wanakua vipi. Mimi nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na miguu isiyotulia, kwa hivyo akaniajiri nizunguke nyumba kwa nyumba kwenye kilima kimoja nikipima. Mnaikumbuka ile kaptura ya kitambaa? Mtoto anavishwa, ananing'inizwa kwenye mizani, analia mpaka jirani anauliza nani anachinjwa. Ndugu zangu, niliipenda kazi ile. Hata leo nikisikia mtoto akilia hivyo, moyo unarudi kwenye zile njia.

Daktari alikuwa na sheria moja: mtoto akipungua uzito miezi miwili mfululizo, kwao kunapelekwa unga wa uji na maziwa.

Halafu mvua ikakosa, na kilima kikawa kirefu kwangu. Nikawa nashukia Kyumbi, nakaa na madereva wa malori, tunakumbushana Mombasa nilikofanya kazi ujanani. Fomu nilizijazia hapo hapo. Nilichukua uzito wa mwezi uliopita, nikaongeza kidogo. Nawaambia ukweli, nilidhani namfurahisha daktari. Nani hapendi kusikia watoto wanakua?

Mwezi wa tatu wa fomu hizo akaniita.

"Watoto wa kilima kile wanakula nini?"

"Kawaida, daktari. Muthokoi."

"Mahindi yametoka wapi? Nimepita huko leo. Mbuzi wamekonda, mbwa wamekonda, hata chifu amekonda. Ni watoto wako tu wananenepa."

Akazisukuma fomu zangu kando.

"Beba mizani. Twende."

Nyumba ya kwanza, mama akamtoa mtoto wake wa miaka miwili. Nilipomwinua, mikono yangu ilijua kabla ya mshale. Alikuwa mwepesi kama kiondo kitupu.

"Wewe wa mizani," yule mama akasema, "nilidhani njia ya kwangu umeisahau. Nimeshuka ofisini kwenu mara mbili kuomba unga. Karani akafungua karatasi, akaniambia wangu anaendelea vizuri."

Daktari aliwakimbiza hospitali na gari lake. Siku ya tatu tulirudi na mtoto kumzika.

Daktari angeweza kuzitoa kurasa zangu kimyakimya. Alikataa. Aliwaandikia wakubwa wake kwamba hesabu za kilima kizima ni za uongo, na kosa ni lake kwa kuniamini. Utafiti ukafungwa. Miaka yake yote hapa ikaenda na karatasi zangu. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Nilitoroka. Syokimau nilibeba mawe ya nyumba za watu wa ofisi, na nikanywa chang'aa. Miaka hiyo siielezi. Aliyewahi kuokotwa mtaroni anaijua.

Nilirudi kumzika baba. Siku moja nikapita zahanati, nikakuta foleni ya akina mama na nesi mmoja anahangaika na mizani. Nikaharakisha hatua.

"Wewe wa mizani!"

Alikuwa ni yule mama. Mgongoni amebeba msichana mdogo.

"Mwaitu, mama yangu, mimi siwezi."

"Huwezi nini? Leo hakuna kilima. Mimi ndiye nimekuja chini. Pima. Na usome kwa sauti, nisikie mwenyewe."

Nikapima. Nikasoma. Akaukazia mshale macho, akairudia ile namba mbele ya watu wote, ndipo akamchukua mtoto.

Tangu siku hiyo sijaonja chang'aa, na kila siku ya kliniki mizani naishika mimi. Namshukuru nesi, hakuniuliza nimetoka wapi. Nawashukuru nyinyi mlionilisha. Daktari nilimwandikia barua. Hajajibu, na sina haki ya kumdai jibu. Yule mama yuko hapa au hayuko, sitasema. Hajawahi kuniambia amenisamehe.

Wapendwa, usimwandikie mtu habari njema ambayo hukwenda kuiona. Na nyinyi akina mama, msikubali kuambiwa mtoto anaendelea vizuri na mtu ambaye hajambeba. Nikisoma namba, irudieni. Yule mama huirudia kila mwezi, mara mbili, na macho yake hayaniangalii mimi. Yako kwenye mshale.