Kifua Kilichofunguliwa Mara Mbili

Mgeni rasmi, Daktari Elizabeti Nandonde, viongozi wa kata, ndugu na majirani, tunawasalimu nyote kwa heshima.

KARIBU MPAPURA

Sisi ni watu kumi na wanne tuliowahi kupasuliwa moyo. Tuna furaha ya kukuonyesha, na tuna mtu mmoja, Yusufu Chikoko, tunayetaka aje kwako umtibu. Risala tumeiandika wote, ila anayeisoma ni Laurinda Fernando, ambaye habari zenyewe zinamhusu. Alitaka tufute sehemu ya maziwa. Tumekataa. Kiti kilicho pembeni yake ni cha kukalia akichoka.

ILIVYOKUWA

Laurinda alibadilishiwa vali ya moyo mwaka 2014, akarudi kulima kama kawaida. Mwaka juzi, msimu wa kupuliza mikorosho, alishikwa na maumivu ya kifua yaliyopenya hadi mgongoni. Sisi, tuliopaswa kujua kuliko wote, tukasema amevuta salfa, ile dawa ya unga tunayopulizia mikorosho. Tukamlaza kivulini, tukamnywesha maziwa.

"Jamani, hii si salfa," akasema. "Kuna kitu kimechanika humu."

Tukamwambia anywe, asibishe. Muda wa saa tatu ukapotea, na kosa hilo ni letu.

Hospitalini, picha ilionyesha kwamba mshipa mkubwa utokao kwenye moyo umechanika kwa ndani. Siku hiyohiyo akapandishwa ndege kuletwa kwako Dar es Salaam.

TUNACHOJIVUNIA

Tuna utaratibu wetu: nakala ya karatasi za upasuaji za kila mmoja hutunzwa na mwenzake, maana mgonjwa akizidiwa hakumbuki alikoweka hata kandambili. Za Laurinda zilikuwa kwa Yusufu, mtani wake. Alizikimbiza kwa bodaboda hadi uwanja wa ndege, akafika shati limelowa jasho.

Ulitueleza mwenyewe, daktari, jinsi zilivyokusaidia. Moyo uliowahi kupasuliwa hugandana kwa kovu na mfupa wa kifua, na anayeufungua kwa pupa anaweza kuutoboa. Kwa hiyo mlimuunganisha kwanza na mashine ya kuzungusha damu, kupitia kwapani na kwenye paja, ndipo mkafungua. Mlisimama kwa muda wa saa kumi na moja, mkatoa kipande kilichochanika, mkashona bomba la kitambaa mahali pake. Leo Laurinda anaokota korosho zake na kutugombeza kama zamani. Hatuna namna ya kukushukuru ikatosha.

LINALOTUSUMBUA

Yusufu naye ana vali ya kuwekewa. Mwezi wa nne alipimwa, ikaonekana mshipa huohuo umevimba, ila haujachanika. Ulimwandikia aje umpasue mapema. Barua ameichomeka kwenye paa la jiko.

"Kifua changu si zipu," anasema.

"Mtani, changu kimefunguliwa mara mbili," Laurinda akamwambia, "na kulima bado nakushinda."

Siku hiyo Yusufu hakucheka. Alisema anaogopa, na alisema kweli. Nasi tunamwogopea, maana tunamjua yule aliyelowa jasho kwa ajili ya mwenzake.

MAOMBI

Tunaomba kliniki ya moyo ije huku kwetu angalau mara mbili kwa mwaka. Tunaomba pia wapuliziaji wa mikorosho wafundishwe kwamba si kila maumivu ya kifua ni salfa, na sisi tutakuwa wa kwanza kukaa darasani.

La mwisho ni Yusufu. Yuko mstari wa pili, mwenye shati la kijani. Jana alitoa sharti mbele yetu sote: Laurinda akiisoma risala hii yote amesimama kwa miguu yake, bila kukaa na bila mtu kumpokea kusoma, basi Jumatatu anapanda basi kuja kwako.

Mgeni rasmi, karatasi imefika mwisho, na kiti hakijakaliwa.

Mungu aitunze mikono yako, na Jumatatu amtie Yusufu nguvu.

Ni sisi,
Umoja wa Waliopasuliwa Moyo, Mpapura