Mwanya wa Filimbi

Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu lililoegemezwa ukutani, mbele ya banda la fundi baiskeli. Mguu wake mmoja umefungwa kwa waya, kwa hiyo anayekaa mwisho hukaa kwa adabu. Alasiri muuza kahawa akishatua birika lake hapo, basi tena, kazi za watu zinalala. Zamani benchi hili lilikuwa halitoshi, watu wakisikiliza maneno wima. Wengine wamehama, wengine wametangulia mbele ya haki, na sasa wenye benchi wamebaki watatu. Yupo Kamanda, mlinzi mstaafu ambaye hajalivua koti la kazini mpaka leo. Yupo Redio, fundi redio anayeamini kila kilichowahi kupita hewani. Na yupo mwenye banda, Filimbi, aliyepewa jina hilo kwa ajili ya mwanya wake wa meno ya juu. Huo si mwanya wa kubahatisha. Akipiga mluzi kupitia pale, mtaa wa pili wanageuka. Ila wiki hii mluzi haukusikika, maana jino moja kati ya yale mawili ya mwanya lilikuwa linamuuma, na fundi wa watu anashinda ameshika mdomo, anakunywa kahawa kwa pembeni.

– Hukulala tena, Kamanda alimwambia. Macho yamekuvimba kama mtu wa lindo.

– Mimi nililala. Jino ndilo lililokesha.

– Si uling'oe tu, yaishe?

– Nikiling'oa, mwanya utakuwa nini?

Kamanda akainama kumchungulia kinywani.

– Mwanya ni meno mawili, ndugu yangu, Filimbi akasema. Likitoka moja, hilo ni pengo. Na pengo hata mbuzi mzee analo.

Hapo hakuna aliyecheka, kwa sababu wote walimjua marehemu shemeji yao, mke wa Filimbi. Alikuwa fundi cherehani, na dirisha la chumba alichoshonea lilitazama barabara. Ujana wao huo. Filimbi alikuwa akipita na baiskeli asiyoinunua yeye, ya mteja, amejifanya anaijaribu breki, na akifika chini ya lile dirisha anaachia mluzi. Cherehani inanyamaza. Kisha binti anachungulia, kidole bado kimevaa kastabini, anasema, “Breki hiyo haijapona tu?” Baada ya kuoana alimwambia mumewe wazi kwamba sura hakuipendea, aliupendea mwanya. Na miaka yote ya ndoa yao, Filimbi akifika kona ya nyumbani jioni alipiga mluzi, na mkewe akajua sasa ni wakati wa kuteka maji ya kuoga. Amefariki, na Filimbi bado anapiga mluzi pale konani. Majirani wanasikia, wananyamaza. Ndiyo maana lilipokuja suala la kung'oa, mzee wa watu alihisi anaambiwa azike mara ya pili.

– Afadhali usiling'oe, Redio akaanza. Nilisikia kipindi cha afya. Mshipa wa jino la mbele unapanda moja kwa moja hadi jichoni. Ukitoa la kushoto, jicho la kushoto linafifia.

– Walisema hivyo?

– Betri iliisha kabla hawajamaliza, lakini walikuwa wanaelekea huko.

– Acha mambo ya betri, Kamanda akamkata. Waliosema mtaka cha mvunguni sharti ainame hawakuwa wajinga. Leo lala miguu juu, kichwa chini. Maumivu yatateremka utosini, na utosi hauna mishipa.

– Wako ndio hauna, akasema muuza kahawa huku anasuuza vikombe. Mimi naona dawa ya moto ni moto. Kahawa ya moto kabisa, uiweke palepale.

– Jana uliniwekea, Filimbi akasema. Niliruka mpaka kule kwenye rimu.

– Basi haikuwa ya moto vya kutosha.

Redio alikuwa kimya, na akiwa kimya Redio ujue kuna jambo linakuja.

– Sikilizeni. Tatizo ni mwanya, sivyo? Sasa tukitoa lile bovu na mwenzake mzima pamoja, tutapata nini? Tutapata mwanya mpana. Mwanya wa kifalme.

– Na mluzi?

– Mluzi utatoka kama honi ya lori.

– Au alale na shavu moja, Kamanda akadakia, meno yaliyobaki yasogee kidogokidogo. Haba na haba hujaza kibaba.

– Atawekewa la bandia bwana, akasema muuza kahawa.

– Jino la pembe si dawa ya pengo, Filimbi akajibu, na siku ile nzima hiyo ndiyo methali pekee iliyokaa mahali pake.

Alijua pia kwamba mwanya haukuwa sababu peke yake. Alikuwa na woga, tena woga wa tangu utotoni. Enzi zao mganga wa meno alikuja shuleni, akafanya kazi chumba cha mwanzo, mlango wazi ili apate mwanga. Watoto mmepangwa kwenye benchi nje, mnaona kila kitu: mkono unavyoingia, miguu ya mwenzako inavyorusha viatu. Kamanda alikuwa kwenye foleni ile ile.

– Unakumbuka alivyokuwa anaimba? Kamanda akauliza.

– Namkumbuka. Anaimba polepole, halafu akifika anapovuta anapandisha sauti.

– Tukajua wimbo ule kabla ya kujua kusoma.

Wakacheka wote wawili kicheko cha watu wazima, kile kinachoishia puani. Filimbi akajiuliza imekuwaje hata siku ile anaitamani, ilhali aliilia kutwa nzima.

Kwenye kicheko hicho akafika mama mmoja anayepeleka maziwa majumbani, anakokota baiskeli, gurudumu la nyuma limelala chapa. Hakuwa mtu wa kijiweni. Aliwaamkia, akajibiwa.

– Kaka fundi, naona hili nalo limekufa. Niambie tu kama ni kununua tyubu mpya.

– Usiliue kabla ya wakati wake, dada, Filimbi akasema. Kwanza tuangalie.

Akatoa tyubu, akaijaza upepo, akaizamisha kwenye beseni la maji, akawa anaizungusha taratibu na kutazama mapovu. Mama akakaa mwisho wa benchi, kwa adabu. Mabishano yakaendelea juu ya kichwa chake: jicho, utosi, mwanya wa kifalme. Alisikiliza mpaka kikombe cha kahawa alichopewa kikaisha.

– Samahani, akasema. Daktari aliyelitazama hilo jino amesemaje?

Redio akamtazama Kamanda. Kamanda akamtazama muuza kahawa. Muuza kahawa akatikisa birika, ingawa alijua limebaki mashapo tu.

– Hajalitazama mtu, Filimbi akasema mwishowe.

– Sasa nani alisema ling'olewe?

Wakatafuta. Kila mmoja alikuwa na hakika ni mwenzake. Mapovu yalikuwa yanapanda kwenye beseni, katundu kadogo tu, ka kuziba kwa kiraka, na Filimbi akawa ameyakodolea macho bila kuyaona.

– Kumbe mmekaa matanga ya mtu aliye hai, mama akasema.

Maneno hayo yalimwingia Filimbi mwilini. Mkewe alipokuwa mgonjwa, majirani walijaa chumbani na nyuso za msibani, naye akawaambia kutoka kitandani kwamba kilio kitakuwa na siku yake, leo wampe uji. Akaunywa uji ule, na miezi mingine kadhaa akashona.

Filimbi akabandika kiraka, akakibana kwa kidole gumba mpaka kikashika. Akarudisha gurudumu, akapokea haki yake, akanawa mikono kwa sabuni mara mbili. Halafu akabaki amesimama.

– Naogopa, akasema. Dada, mimi naogopa kweli.

– Ogopa huku unatembea. Zahanati hawafungi kabla ya magharibi.

– Tukusindikize? Redio akauliza.

– Mkija nyinyi ataogopa daktari, mama akadakia.

Kamanda alikwisha kuvuta sanduku la spana karibu na miguu yake, alinde. Filimbi akavaa shati la juu, akashika njia ya zahanati, mkono mdomoni, bila kuaga. Alijijua. Angeaga, angekaa tena.