Zuhura juu ya paa la basi

Kwenye basi la asubuhi, mzee mmoja, dereva wa lori mstaafu, aliielekeza simu yake, yenye programu ya kutaja nyota, kwenye paa. Simu ikatamka: "Zuhura."

Mama muuza vitambaa aliyekaa naye akacheka. "Mzee wangu, nyota mchana kweupe?"

"Zipo, mwanangu. Jua tu linazificha."

"Na simu imezionaje?"

"Haizioni. Inajua zilipo."

Mama akasema huko ni kubahatisha. Mimi, niliyekaa nyuma yao, nilikuwa upande wa mama.

"Leo natolewa mtoto wa jicho," mzee akasema. "Miaka minne sijaona nyota. Nikifunguliwa bandeji, sitaki kupoteza muda nikizitafuta."

Basi likasimama hospitalini. Mama akamshika mkono wakashuka, ingawa kituo chake mwenyewe kilikuwa mbele. "Inabahatisha tu," akanung'unika. "Hebu ielekeze kule, tusikie."