Dada Anayezishindisha Seli Njaa

Mheshimiwa Mkuu wa Taasisi, waheshimiwa maprofesa, ndugu wageni waalikwa, na wewe dada yangu unayestaafu leo huku ukinikodolea macho nisije nikakuaibisha:

Mimi ni fundi cherehani, mdogo wake wa tumbo moja, na ni mgonjwa wa saratani ya tezi dume. Alivyonieleza dada, kichocheo cha ukuaji kikiigusa seli ya saratani, seli hiyo humwaga vimeng'enya vinavyokata nyama ya jirani kama mkasi kwenye kitambaa, ikapata njia ya kusambaa. Yeye amezeeka akitafuta namna ya kuuzuia mkasi huo.

Mwaka fulani maabara hii ililipuka kwa vifijo. Sahani za seli zisizo na dawa zilijaa vimeng'enya. Zenye dawa ya kuzuia kichocheo, karibu hakuna! Mimi, niliyekuwa tayari mgonjwa, nilishatangazia mtaa mzima. Dada peke yake akauliza, “Hizi zisizo na dawa, nani kaziosha?”



Seli hulishwa seramu, yaani majimaji ya damu, na seramu ina vimeng'enya vyake yenyewe. Kabla ya kupima ni lazima zioshwe, zishinde njaa. Zenye dawa zilioshwa, zile nyingine zikasahauliwa. Wataalamu wetu walikuwa wamepima chakula!

Nilimwambia, “Dada, si ungeniacha tu nifurahi?”

“Mdogo wangu, nikudanganye wewe?”

Akajitoa kwenye mkutano mkubwa aliokuwa autangazie ushindi ule, akaanza upya. Ndugu zangu, ni wangapi kati yetu tungethubutu, ilhali mgonjwa ni damu yetu? Mimi nilimnunia, hata simu zake sikupokea. Majaribio mapya yakaonyesha kuwa dawa ilivipunguza vimeng'enya, haikuvimaliza. Akatangaza hivyo hivyo, bila kuongeza chumvi. Najivunia mwanamke huyu kuliko ninavyoweza kusema.

Mwezi huu ugonjwa wangu, uliokuwa umetulia, umerudi. Daktari amependekeza matibabu mengine, nami nikampelekea dada majibu ya vipimo vyangu. Aliyasoma yote, akavua miwani, akafuta macho.

“Matibabu hayo hayatakuponya,” akasema. “Lakini yatakuongezea muda. Nenda.”

Nimeanza Jumatatu. Sikwenda kuuliza kwingine.

Asante, dada. Nanyi nyote, asanteni sana kwa kunitegea sikio.